Kijiti cha Alama Zisizolingana

Kila muhula, nikifika kwenye mada ya kubadilisha x kwa pembe, ninakuwa mkali kuliko kawaida. Wanafunzi wangu wa diploma hunong'onezana kwamba madam ameamka vibaya. Sijawahi kuwaeleza sababu.

Kazi yenyewe ni hii. Unaambiwa jinsi kitu kinavyobadilika, nawe utafute kitu chenyewe, kama mtu aliyeonyeshwa nyayo akatakiwa amtaje mnyama. Mara nyingi njia huwa wazi. Lakini pakitokea kipeuo cha pili, na ndani yake moja ikatolewa mraba wa x, njia zote huziba. Hapo unaiacha x kwa muda. Unasema x ni sini ya pembe fulani, na kile kipeuo kinafunguka kinakuwa kosini. Unapiga hesabu yako kwa pembe hadi mwisho, kisha unachora pembetatu ndogo ubavuni mwa karatasi, unasoma pande zake, unarudi kwa x. Wengi husahau kurudi. Wanapata jibu la pembe, wanalipigia mstari mara mbili, wanafunga kitabu kwa furaha. Mimi huandika chini yake kwa wino mwekundu: "Nani alikuuliza habari za pembe? Rudisha jibu kwa aliyeuliza." Kisha ninakata alama mbili bila huruma.

Nimeandika maneno hayo mara nyingi sana kwa mtu ambaye mwenyewe hakuyatii.

Kwetu ni Murang'a. Nilipopata barua ya kuja kufundisha Garissa nililia siku mbili, na ya tatu mama akanipokea zamu. Nilifika nikakuta joto la kumfanya mtu amchukie hata anayemsalimia, makorongo yaliyochoka juu ya miti, na watu ambao wakipanda basi la Nairobi husema wanakwenda Kenya, kana kwamba Garissa ni nchi nyingine. Nilidhani ni mzaha, mpaka siku nilipojisikia ninasema hivyo mwenyewe. Chuo chetu cha ufundi kiko nje ya mji, na bomba la mji halijatufikia. Maji huletwa na lori kutoka mtoni. Ya kunywa na ya jikoni hutiwa kwenye tangi la chuma la mviringo, ambalo zamani lilikuwa mgongoni mwa lori lililokufa. Lilishushwa likalazwa ubavu juu ya mawe nyuma ya jiko. Kimo chake ni mita mbili, urefu mita tano.

Mlinzi wa tangi hilo alikuwa mzee wa Kisomali, mwembamba, mwenye ndevu zilizotiwa hina na funguo zilizofungwa kwenye pindo la kikoi. Wanafunzi walimwita adeer, yaani ami. Kazi yake ilikuwa kugawa mapipa manne ya maji kila siku, matatu jikoni na moja bwenini, na kuiambia ofisi maji yamebaki ya siku ngapi ili lori liitwe. Alipima kwa kijiti kirefu alichokikata mwenyewe. Alikiingiza kwa mdomo wa juu wa tangi mpaka kikagota chini, akakitoa, akatazama unyevu umefika alama gani. Alama alikuwa amezichonga kwa kisu, na zilikuwa na sura ya ajabu: huku chini zilikaa mbalimbali, katikati zikasongamana, na huku juu zikatawanyika tena. Nilipokiona mara ya kwanza nilicheka. Nilijisemea, akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Kisha akaja mkuu mpya wa chuo, mtu wa utaratibu, na ukaja na ukame. Mkuu alitaka kimo cha maji kiandikwe kila siku kwenye daftari, na alipokitazama kile kijiti alikirusha chini. "Madam, wewe ndiye mtu wa hesabu," aliniambia. "Tutengenezee kipimo cha watu waliosoma." Nilifurahi, sitaficha. Nilichukua ubao mwembamba kutoka karakana, nikaupima kwa rula, nikaugawa sawasawa: robo, nusu, robo tatu. Tangi likijaa ni maji ya siku ishirini, kwa hiyo robo ni siku tano. Nilipaka alama zangu rangi nyekundu. Tukakubaliana kwamba maji yakishuka hadi robo, ofisi ipige simu, kwa sababu lori lilichukua siku tano kufika, foleni ya malori kule mtoni ilivyokuwa ndefu.

Mara ya kwanza maji yaliisha siku ya nne. Siku moja nzima chuo kilikaa bila maji, wapishi wakawasha moto wakauzima. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu msichana mmoja wa bweni alizirai kwenye mstari wa mazoezi, na mkuu akasema sasa basi.

Maneno yalikuwa yameshaanza. Jamaa za mzee walikuwa wamesogea na mbuzi wao hadi ukingoni mwa mji, kwa kuwa malisho yalikuwa yameisha, na watu walisema mbuzi wale wanakunywa maji yetu. Mkuu aliitisha kikao katika ukumbi wa kulia chakula. Mzee aliomba wazee watatu wa msikiti wake waalikwe, wakaja wakakaa upande mmoja wa meza, sisi upande mwingine. Mzee alisimama kati yetu.

"Sijabatia mbuzi maji," alisema, p nyingine zikimtoka kama b. "Sijauza. Kila siku natoa biba nne, hiyo tu." Halafu akanigeukia mimi. "Madam, hii ubao yako inadanganya huku chini. Tumbo ya tangi iko katikati. Chini tangi ni nyembamba. Hapo kwa robo si siku tano. Ni nne."

Nilimwelewa kila neno. Ndilo jambo linalonitesa. Sikuweza kusema baadaye kwamba lugha ilitutenganisha. Nilimwelewa, nikaona ni maneno ya mzee aliyebanwa, nikatabasamu kidogo vile walimu hutabasamu.

Akaomba maji ya birika, akatawadha pale nje mlangoni, akarudi. Mmoja wa wale wazee alikuwa amekuja na Msahafu umefungwa kwa kitambaa. Mzee aliweka mkono juu yake akasema wallahi, billahi, tallahi, hajatoa maji ya chuo kumpa mtu wala mnyama. Kwao jambo lilikuwa limekwisha. Mtu mzima hali yamini mara tatu kwa ajili ya mapipa ya maji kama ni mwongo, kwa sababu maisha yake yote yaliyobaki yatakaa juu ya yamini hiyo.

Mkuu akanitazama. "Madam, hesabu inasemaje?"

Nilisimama na karatasi yangu. Nilisema robo ya tangi ni siku tano, maji yameisha siku ya nne, kwa hiyo mapipa manne hayaonekani, na imetokea mara tatu kwa kiasi kilekile. Kisha, kwa kuwa nilijiona nimesema vizuri, nikaongeza: "Hesabu haihitaji kiapo."

Wale wazee watatu waliniangalia, wakaangalia ubao wenye rangi nyekundu, wakaangalia mwenzao. Wao pia walikuwa na watoto shuleni. Wao pia waliamini kwamba mtu aliyesoma akishika karatasi hasemi uongo. Niliona kitu kikiwatoka usoni, na mzee naye alikiona. Alifungua pindo la kikoi, akaweka funguo mezani, akatoka.

Hakupelekwa polisi. Mkuu alijiona ni mtu wa huruma. Lakini wiki mbili baadaye ndugu wa mzee alimwoza binti yake, na palipohitajika shahidi wa nikaha, wakamruka mzee wakamchukua mwingine. Salamu walimjibu. Ushahidi wake hawakuutaka tena, kwa kuwa mtu aliyeapia Msahafu kwa uongo hashuhudii kitu. Mpishi wetu ndiye aliyenieleza, huku akichambua maharagwe, na mimi nikasema "pole yake" nikaendelea kunywa chai. Baada ya hapo nikasikia amehamia Kotile, kwa binti yake.

Mvua ikanyesha. Maji ya paa yakajaza tangi, hakuna aliyepima chochote, na ubao wangu ukawekwa juu ya kabati ofisini.

Mwezi wa sita nilikuwa ubaoni, nimeshika chaki, ninafanya kipeuo cha moja kutoa mraba wa x. Msichana mmoja wa darasa la ujenzi akainua mkono. "Madam, hii pembe ya theta tutaitumia wapi? Kwa site hakuna theta."

Swali hilo huniudhi kila mwaka. Nilitazama dirishani nikitafuta kitu cha duara cha kumnyamazisha nacho, na nyuma ya jiko nikaliona tangi. Nikamwambia: haya, lile pale, limelala ubavu. Maji yakifika robo ya kimo, ni sehemu gani ya tangi? Darasa zima likajibu kwa sauti moja, robo. Nikawacheka. Nikachora duara. Nikawaonyesha kwamba upana wa maji katika kila kimo ni mara mbili ya kile kipeuo chetu, kwamba chini kabisa upana ni mdogo, unakua hadi katikati, kisha unapungua tena. Tukaweka sini mahali pa x. Kipeuo kikafunguka. Tukajumlisha, tukachora pembetatu, tukarudi kwa x kama ninavyodai siku zote, tukaweka namba. Nikaandika jibu: sifuri nukta moja tisa tano tano. Haifiki hata moja ya tano.

"Kwa hivyo kama tangi ni ya siku ishirini," yule msichana alisema akibonyeza kikokotoo, "robo si siku tano. Ni tatu nukta tisa. Nne, tuseme."

Darasa likapiga makofi. Walifurahi kwamba kalkulasi ina kazi duniani. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo na sikuweza kugeuka. Mkono wangu ulikuwa bado umeinua chaki chini ya ile namba, na nilisikia, wazi kabisa, "Hapo kwa robo si siku tano. Ni nne." Niliwaambia wafanye swali la saba, nikatoka.

Kile kijiti kilikuwa stoo, kimetegemeza dirisha lisilofunga. Nilikipima hapohapo sakafuni. Kutoka chini hadi alama ya kwanza, sentimita kumi na tisa na nusu. Ya pili, thelathini na moja. Ya tatu, arobaini na moja. Ya nne, hamsini na moja. Nikarudi chumbani kwangu nikapiga hesabu ya alama zote ishirini kwa njia ninayoifundisha, jioni nzima, nikalinganisha. Hakuna iliyokosea zaidi ya upana wa kidole changu kidogo. Hakuwa amezipata kwa theta. Mwaka aliopewa kazi, kila jioni baada ya kutoa mapipa manne, alikuwa akitumbukiza kijiti na kuchonga pale unyevu ulipoishia. Siku ishirini, alama ishirini. Mimi nilikuwa na digrii, na kwa hesabu ile moja niliyoihitaji nikatumia rula.

Nikakumbuka jambo jingine lililonitia aibu zaidi. Chini maji yaliisha siku moja mapema, sawa, lakini kutoka nusu hadi robo yalikuwa yakichelewa siku moja. Daftari la mkuu lilionyesha hivyo, nilikuwa nimelisaini mwenyewe. Hakuna aliyeuliza. Maji yakichelewa kuisha, nani atalalamika?

Jumamosi nilipata nafasi kwenye pikapu ya mfanyabiashara iliyokuwa ikielekea Ijara kupitia Kotile, nikiwa na kijiti katikati ya magoti. Binti wa mzee alinipokea bila kuuliza swali, akanionyesha upande wa kivuli. Mzee alikuwa amekaa juu ya jerikeni, amekonda, anakohoa. Nilimwamkia, nikamwonyesha karatasi, nikaanza. Nilisema habari za duara, za upana, za kipeuo, za kosa langu. Nilisema sana. Aliniacha nimalize, kama ambavyo sikuwahi kumwacha yeye.

"Madam," alisema mwishowe, "mimi nilikuwa najua."

Nikakunja karatasi yangu.

"Kwa nini unakuja kuambia mimi? Mimi nilikuwa najua toka zamani. Enda ambia wale walikusikia."

Nilisema nitawaambia. Akasema si kwa barua, wala si kwa kumtuma mwalimu Mwislamu wa chuoni. "Wewe mwenyewe. Na mdomo yako." Nilijaribu kumwachia kijiti chake, nikidhani ni heshima. Akanirudishia. "Beba. Utaonesha wao nini?" Akaniuliza ni lini. Nikasema Ijumaa inayokuja, watu wakitoka kuswali. Akasema inshallah, na kwa mara ya kwanza akanitazama kama mgeni wake, akamwita binti alete chai ya maziwa.

Ijumaa hiyo sikuenda. Nilikuwa nimemwambia mkuu kwanza, nikidhani atafurahia ukweli, naye akafunga mlango. "Unataka tushtakiwe? Ngoja mitihani iishe." Nikangoja. Ijumaa ya pili nilikuwa na karatasi za kusahihisha. Ya tatu nilijifunga mtandio nikaenda hadi karibu na lango la msikiti. Wanaume walikuwa wanatoka kwa wingi, mimi mwanamke, Mkristo, mtu wa bara, na kijiti mkononi. Miguu ilikataa. Niliingia dukani nikanunua sukari ambayo sikuihitaji. Baada ya hapo nikajizoesha. Kijiti kikakaa nyuma ya mlango wa chumba changu, na siku moja nikajikuta nimekitundikia leso iliyolowa. Ningependa kusema niliogopa kupoteza kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana mjinga mbele ya watu niliowaona wajinga.

Mwezi wa tisa mwishoni binti wa mzee alinipigia simu. Baba amefariki juzi, alisema, tumemzika siku ileile. Nikasema pole. Kisha akasema bila ukali wowote, "Kila Ijumaa jioni alikuwa anauliza kama madam amebiga simu."

Ijumaa iliyofuata niliwangoja nje ya lango. Miguu haikukataa tena, sijui kwa nini, labda kwa sababu sasa haikuwa na faida. Walitoka wale wazee watatu pamoja na wengine kumi hivi, nikawasalimu, nikataja kazi yangu na kosa langu. Nilitumia Kiswahili chepesi. Nilisema ubao wangu ndio uliodanganya. Nilisema kiapo cha mzee kilikuwa cha kweli, na nikawaonyesha kijiti, alama za chini zilivyokaa mbalimbali, nikachora duara kwa kisigino kwenye mchanga ili waone tumbo la tangi. Walielewa upesi kuliko darasa langu. Mfugaji hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba birika lenye tumbo huisha haraka huku chini.

Mmoja wao, yule aliyekuwa ameleta Msahafu siku ile, alikuwa rafiki wa marehemu tangu utotoni. Alikichukua kijiti mikononi mwangu. Akazipapasa alama moja baada ya nyingine, kutoka chini kwenda juu, bila haraka.

"Hii umejua lini?" aliniuliza.

Ningeweza kudanganya, hakuna ambaye angejua.

"Mwezi wa sita," nikasema.

Akapitisha kidole gumba juu ya vifundo vya vidole vyake, taratibu, kama anayehesabu tasbihi. Wa saba. Wa nane. Wa tisa.

"Sisi hatukuenda kuzika yeye," alisema.

Akanirudishia kijiti, akavaa makubadhi yake, akaondoka na wenzake.